Mapenzi ya Kisichojulikana: Ni Mapenzi ya Kitu au ya Nafsi?

Katika miji ya Ulaya na Marekani, na siku hizi katika miji mingi mingineyo, wako watu ambao shauku yao kubwa ni kutafuta muziki usiojulikana. Hawautaki ule uimbwao kila mahali, wala hawanunui santuri za waimbaji ambao majina yao yamejaa vinywani mwa watu. Wao huwatafuta watungaji waliotoa santuri kwa fedha zao wenyewe, bila ya mkono wa makampuni makubwa. Waliouza nakala mia mbili au tatu, kisha wakasahauliwa. Ambao uimbaji wao umetoka katika kawaida, hata msikizi wa mara ya kwanza asijue kama alisikialo ni ufundi mpya au ni makosa. Mmoja wao akiiona santuri ya namna hiyo katika duka la vitu vikuukuu, hufurahi furaha ya mtu aliyeokota lulu pwani.

Hukumu ya ala za muziki imekwisha kunenwa na wanazuoni katika vitabu vya fikihi, na kurasa hizi hazikusudii kuirejea. Linalotafutwa hapa ni jambo jingine, nalo ni hili: mtu apendapo kitu kwa sababu wakijuao ni wachache, je, amekipenda kitu chenyewe, au ameipenda nafsi yake iliyokijua? Swali hili si la wapenda muziki peke yao. Mwenye kitabu adimu kisichopatikana kwa wenziwe, mwanafunzi ajuaye kauli ambayo darasa zima halijaisikia, mfanyabiashara wa vitambaa ajisifuye kwa nguo isiyovaliwa na mtu mwingine mjini, wote wamo ndani yake. Lakini habari za hawa wapenda muziki zadhihirisha jambo hili kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake mna haki za watu wanyonge.

Kwanza yafaa kujua asili ya mambo. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kutengeneza santuri kulihitaji mali na mitambo, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa makampuni machache. Kampuni ikikataa, sauti ya mtu haikutoka nje ya mtaa wake. Mwaka 1976 likafunguliwa London duka lililoitwa Rough Trade, likawa kituo cha kuuzia santuri za watu wadogo. Mwanzo wa mwaka 1977 vijana wa Manchester walioitwa Buzzcocks wakakopa kiasi cha pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakatoa santuri yao Spiral Scratch, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. Zikaisha, wakapiga nyingine, hata zikafika maelfu. Watu wengi wakatambua kwamba mlango uliofungwa una njia ya ubavuni. Kisha zikaja kanda, ambazo maskini aliweza kuzirekodi chumbani mwake. Na hapo wasiojulikana wakawa wengi kuliko wajulikanao.

Basi hoja ya kwanza ya wapenzi hawa ni hoja ya haki. Wao husema kwamba wingi wa watu si hakimu. Kitu hakiwi kizuri kwa kuwa sokoni kimejaa, wala hakiwi kibaya kwa kuwa hakuna aliyekinunua. Mara nyingi kilichowazuia watu si ubaya wa kazi, bali ni ufukara wa mtendaji, au ugeni wa njia yake, au kukosa mtu wa kumsemea. Maneno haya ni ya kweli na hayakataliki. Mwenye akili ajua kwamba wema mwingi wa dunia umekaa pembeni, na kwamba mtu ategemeaye masikio ya wengine hatasikia kwa masikio yake kamwe.

Na miongoni mwao ametokea mtu ambaye aliitenda hoja hii kwa vitendo. John Peel alikuwa mtangazaji wa redio ya BBC huko Uingereza, tangu mwaka 1967 hata alipokufa mwaka 2004. Watu wasiojulikana walimpelekea santuri na kanda zao, naye akizisikiliza na kuwapigia watu wa nchi nzima. Mwaka 1978 alipopata wimbo wa vijana wa Ireland ya Kaskazini walioitwa The Undertones, aliupenda hata akaupiga mara mbili mfululizo katika kipindi kimoja. Msomaji na azingatie alama iliyomo humu. Mtu huyu alipopata kitu kizuri kilichofichikana, tamaa yake ya kwanza ilikuwa kisifichikane tena. Hakujenga ukuta wa kuizunguka hazina. Aliuvunja ule uliokuwapo.

Lakini si wote walio hivyo. Wako wengine ambao, mwimbaji wao akianza kujulikana, huhuzunika. Jana walimsifu kwa kila neno, na leo, kwa kuwa jirani naye amemjua, husema kwamba ameharibika. Wakiulizwa ni kipi kilichobadilika, hawana la kuonyesha: sauti ni ile ile, maneno ni yale yale, na santuri ni ile ile iliyo kabatini. Kilichobadilika ni idadi ya wasikizi tu. Basi imedhihiri kwamba walichokuwa wakikipenda ni ile idadi, na wimbo ulikuwa chombo cha kuichukulia.

Wanazuoni wa maradhi ya moyo wameyatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ria haikamiliki illa awepo wa kuonyeshwa. Lakini ujuba hauhitaji mtu. Mtu aweza kukaa peke yake chumbani, mlango umefungwa, akajitazama kwa jicho la kujistaajabia. Kwa hivyo haimfai mpenzi wa muziki adimu kujitetea kwa kusema kwamba yeye husikiliza peke yake na hajigambi kwa mtu. Upweke huondoa ria, nao hauondoi ujuba. Bali pengine huulisha.

Sasa yatazamwe mambo ambayo ndani yake mna haki za watu. Huko Fremont, mji mdogo wa New Hampshire katika Marekani, palikuwa na mtu aliyeitwa Austin Wiggin. Imesimuliwa kwamba mama yake alimtazama viganja akamtabiria mambo matatu, na la tatu ni kwamba binti zake watakuwa na bendi itakayopendwa na watu. Mawili ya kwanza yalipotokea, akaona kwamba la tatu ni juu yake kulitimiza. Akawatoa shuleni binti zake, Dorothy aitwaye Dot, na Betty, na Helen. Akawanunulia magitaa na ngoma, akawalazimisha kufanya mazoezi kila siku, na siku za Jumamosi usiku akawapeleka kupiga katika ukumbi wa mji, ambako vijana wenzao waliwazomea. Bendi ikaitwa The Shaggs. Mwaka 1969 aliwapeleka katika jumba la kurekodia huko Massachusetts, wakatoa santuri iitwayo Philosophy of the World. Zilitengenezwa nakala 1,000, na yasimuliwa kwamba 900 katika hizo hazikuonekana tena. Mwaka 1975 baba akafa, na palepale bendi ikaisha. Kwani aliyeitaka alikuwa yeye.

Muziki ule haufanani na mwingine. Ngoma yaenda njia yake na magitaa njia yao. Sauti zapanda na kushuka pamoja kana kwamba wale dada walikuwa na kipimo chao wenyewe ambacho hakuna mwingine aliyefundishwa. Nyimbo zenyewe ni za mambo ya kitoto na ya nyumbani: paka aliyepotea, heshima ya wazazi, na kutoridhika kwa wanadamu. Mwaka 1980 santuri ile ikatolewa tena kwa juhudi za wanamuziki wa bendi ya NRBQ, na tangu hapo ikapata wapenzi katika nchi nyingi.

Wapenzi hao ni makundi mawili. Kundi moja hucheka. Hununua santuri ile ili wawapigie wageni wao, na watu waangue kicheko kwa kusikia wasichana watatu wasiojua kupiga. Kundi la pili husema kwamba limesikia humo unyofu ambao mafundi wa muziki wameupoteza. Mtu wa nje awaonapo huwadhani kuwa ni kitu kimoja, kwa kuwa wote wamenunua santuri moja na wote huitaja kwa furaha. Walakini baina yao pana umbali wa mbingu na ardhi. Wa kwanza amemfanya mtu kuwa mchezo. Na aliyefanywa mchezo hapa ni mtoto aliyetii amri ya baba yake, hakuchagua kupanda jukwaani, wala hakuchagua kurekodiwa. Kumcheka mtu kwa jambo alilolazimishwa ni dhuluma mbili: ya kwanza imetendwa na aliyemlazimisha, na ya pili hutendwa na kila acheukaye na kucheka baada yake, hata ikiwa ni miaka hamsini baadaye na nchi ya mbali.

Pengine mtu atauliza: je, kundi la pili limesalimika? Jawabu ni kwamba limekaribia kusalimika, illa na liangalie jambo moja. Mtu aweza kuusifu unyofu wa mwenziwe kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingependa kusifiwa. Kumwambia fundi kwamba uzuri wa kazi yake ni kutojua kwake, si sifa aliyoitafuta. Dot Wiggin alikuwa akitunga nyimbo zile kwa bidii, akitaka ziwe nzuri. Hakukusudia kuwa kioja. Basi ampendaye kwa haki na ampende pamoja na nia yake, asimpende kwa kumwondolea nia. Na katika mwaka 2013, Dot alipokuwa mama mtu mzima, alitoa santuri nyingine pamoja na wanamuziki wapya, na mara hii hapakuwa na baba wa kumwamuru. Aliyefurahi siku ile kwa sababu mtu aliyenyimwa hiari ameipata hiari, huyo mapenzi yake yalikuwa ya kweli.

Habari ya pili ni ya Daniel Johnston, aliyezaliwa mwaka 1961 akafa mwaka 2019. Alikaa Austin katika Texas, akifanya kazi ya mkahawani, na nyimbo zake alizirekodi kwa mashine hafifu ya kanda. Hapo mwanzo hakuwa na njia ya kunakili. Akitaka kumpa mtu kanda, alikaa akaziimba nyimbo zote upya tangu mwanzo hata mwisho. Akawagawia watu njiani bure. Mwaka 1983 akatoa ile iitwayo Hi, How Are You. Mtu huyu alikuwa na maradhi makubwa ya akili. Mwaka 1990 alipokuwa akirudi kwao kwa ndege ndogo iliyorushwa na baba yake, maradhi yalimshika, akauchomoa ufunguo wa ndege akautupa nje. Ndege ikaanguka mitini, na wote wawili wakanusurika. Mwaka 1992 Kurt Cobain, mwimbaji aliyekuwa maarufu sana wakati huo, alivaa fulana yenye picha aliyoichora Johnston, na ghafula makampuni makubwa yakashindana kumtaka, hali yeye yumo hospitalini kwa ugonjwa wake. Mwaka 1994 kampuni ya Atlantic ikatoa santuri yake. Haikuuzika sana, na baada ya miaka miwili ikamwacha.

Makampuni yalilaumiwa, na lawama hiyo yawastahili. Lakini mpenzi wa siri naye na ajihisabu. Miongoni mwa wapenzi wa Johnston walikuwako waliompenda kwa nyimbo zake, ambazo ndani yake mna huzuni ya kweli na mapenzi ya kweli. Na walikuwako waliokuja kutazama wazimu. Hawa wa pili walipokwenda kumsikiliza, walingoja aanguke. Akiimba vizuri na akashuka jukwaani salama, walirudi makwao wameona kwamba wamepunjwa. Kuna mizani nyepesi ya kuwatenga: lau mgonjwa yule angalipona kabisa, akaimba nyimbo njema akiwa mzima, nani angalishukuru na nani angalisikitika? Asikitikaye kwa kupona kwa mtu hawezi kuitwa mpenzi wake, hata awe na kanda zake zote.

Habari ya tatu ni ya mtu aliyetaka kufichikana. Tangu mwaka 1978 zilikuwa zikitoka Houston santuri zenye jina la Jandek, kwa anwani ya sanduku la posta tu. Sauti ni ya mtu mmoja mpweke na gitaa lisilofungwa kwa kawaida. Hapakuwa na maelezo wala tamasha, na santuri zikazidi kutoka mwaka baada ya mwaka. Wapenzi wake wakashindwa kustahimili. Wengine wakachungua anwani, wakalinganisha picha, wakafuata njia hata mlangoni. Hatimaye mwaka 2004, bila ya kutangazwa, alitokea jukwaani mjini Glasgow kwa hiari yake, na baada ya hapo akatokea mara nyingi.

Hapa pana funzo. Wale waliosema kwamba wanamheshimu kwa sababu ya siri yake, ndio waliotaka kuivunja siri ile. Kuchungua aibu na siri za watu kumekatazwa, na mapenzi hayawi ruhusa. Mtunzi atoapo santuri, amewapa watu santuri. Hakuwapa nyumba yake, wala uso wake, wala habari za wazazi wake. Mpenzi mwenye adabu hupokea alichopewa akashukuru, na mlango uliofungwa akauacha umefungwa mpaka mwenyewe aufungue. Waliongoja wakamwona Glasgow siku aliyoichagua mwenyewe. Waliomwendea mlangoni walipata nini zaidi?

Yabaki kutazama neno lenyewe, yaani kutojulikana. Neno hili watu hulitumia kama kwamba ni sifa ya kitu, na hakika si sifa yake. Ni habari ya wasikizi. Dalili iko karibu. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na wapenzi wa muziki mgeni huko Ulaya wakastaajabu kwa mapigo yake yapitayo 200 kwa dakika, wakasema kwamba wamevumbua kitu kilichofichikana. Kilifichikana kwa nani? Katika mitaa ya Dar es Salaam mtoto wa miaka saba aliijua singeli. Mama aliyetaka kulala usiku wa shughuli ya jirani aliijua zaidi kuliko alivyopenda. Basi kitu kimoja kwa wakati mmoja kilikuwa siri mjini Berlin na kelele ya kila siku Manzese. Ikiwa uzuri wake umo katika kutojulikana, basi ni kizuri huku na kibaya kule, na hilo haliwezekani. Imebaki kwamba uzuri, kama upo, umo ndani ya kitu, na uchache wa wakijuao hauongezi wala haupunguzi.

Wenye elimu ya hadithi waliyajua haya zamani. Habari iliyopokewa na mtu mmoja peke yake huiita gharibu. Hawakuikubali kwa ugharibu wake, wala hawakuitupa kwa ugharibu wake. Walitazama ukweli wa wapokezi na hifadhi yao. Na waliwalaumu wanafunzi waliokimbilia habari ngeni ili waambiwe kwamba wanacho wasichonacho wenzao. Ajabu iliyoje kwamba hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Imamu Bukhari ameiweka mwanzo wa kitabu chake, yenyewe ni gharibu katika mwanzo wa isnadi yake: ilipita kwa mmoja baada ya mmoja, hata ilipofika kwa Yahya bin Said al-Ansari, ndipo ikaenea kwa watu wengi. Ilipokuwa kwa mtu mmoja haikuwa na thamani zaidi, na leo ijulikanapo na kila mtoto wa chuoni haikupungua thamani. Lakini lau yule mmoja angaliificha ili awe peke yake, watu wangalikosa kheri kubwa. Mjuzi wa kitu adimu ana amana mkononi. Kuifikisha ni sharafu yake, na kuizuia ni hasara yake.

Pengine mtu atapinga akisema: furaha ya kuwa wachache ni maumbile, watu watatu waliopenda kitu kimoja huwa ndugu, na wakiwa laki moja udugu huo hauwezekani tena. Maneno haya yana ukweli, na udugu huo si aibu. Kijana mpweke wa mji mdogo aliyeandikiana barua na mwenziwe wa nchi ya mbali kwa ajili ya kanda moja, amepata kheri ambayo haifai kudharauliwa. Lakini na aijue kwa jina lake. Alichokipenda hapo ni ule udugu, nao huweza kudumu hata kanda ile ikijulikana na dunia nzima. Kwani jirani kuusikia wimbo hakumwondolei mtu rafiki yake. Aliyeondokewa na kitu kwa kujulikana kwa wimbo, ameondokewa na cheo.

Kwa hivyo anayetaka kuyajua mapenzi yake na aulize mambo matatu. La kwanza: kipendwa chake kikijulikana na wengi, atafurahi au atakasirika? La pili: mtunzi wa kitu kile angalimsikia akikisifu mbele ya rafiki zake, angaliona kwamba ametukuzwa au amefedheheshwa? La tatu: angalikipata kitu kile sokoni, kimejaa na rahisi, bila ya mtu kumwambia kwamba ni adimu, angalisimama kukitazama? Anayejibu matatu haya kwa jawabu njema, amekipenda kitu na amemtendea haki mwenye kitu. Anayeshindwa hata na moja, na ajue kwamba katika kabati lake lililojaa santuri adimu, kilichohifadhiwa humo ni sura yake mwenyewe. Wallahu aalam.